Nilisoma Kemia Nikiwa Nimekasirika

Wanangu, juzi mmoja wenu aliniuliza kama ni kweli nilifanya mtihani wa kidato cha nne nikiwa na miaka arobaini, kwenye dawati moja na watoto waliolingana na binti yangu Sifa. Aliuliza huku anacheka. Nami nikacheka, maana mgeni hakemewi. Lakini alipoondoka niliweka kikombe changu chini kwa nguvu mpaka chai ikamwagika. Haukuwa uzee. Ilikuwa hasira. Nimestaafu, magoti yamechoka, macho yanataka miwani, lakini hasira ile iko palepale, nzima kabisa, na sina mpango wa kuipoza. Ninyi mnaohangaika na biolojia, kemia na fizikia ili muingie shule ya uuguzi, na mnaodhani mmeonewa kwa sababu mwalimu ni mkali, kaeni kitako niwaeleze.

Mimi nilikuwa muuguzi kabla hamjazaliwa. Kwetu Kivu ya Kusini nilisoma shule ya tiba miaka minne, nikapata diploma, nikafanya kazi katika zahanati ya kanisa miaka kumi na miwili. Nimezalisha akina mama huku mvua inatunyeshea kupitia tundu la paa. Vita vilipokuja, diploma ilikuwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Nyumba ikaungua na kitanda chake na sanduku lake. Mwisho wa mwaka 1996 tulifika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mimi, mume wangu Baba Sifa, na watoto watatu, na kitu pekee nilichokuwa nacho cha kuonyesha kazi yangu ni mikono hii.

Karani wa kuandikisha watu aliniuliza kazi yangu. Nikasema muuguzi. Akaandika mkulima. Nikamwambia, "Hapana baba, muuguzi. Munganga."

Akanijibu kwa Kiswahili cha kwao, "Mama, hapa watu yote iko mkulima. Shamba ndiyo sisi napatia wewe."

Hakuwa mtu mbaya. Ndilo linaloniudhi zaidi. Angekuwa mbaya ningemsahau.

Kulikuwa na zahanati moja ndogo, ilishafungwa zamani na jina lake silitaji. Walitaka mtu wa kupiga deki anayejua Kiswahili na Kifuliiru, lugha ya kwetu, ili akiitwa aweke chini dekio lake atafsiri, kisha alichukue tena. Nikakubali. Nilijiambia, angalau nitakuwa karibu na harufu ya dawa. Nilikaa hapo miaka minne nikitafsiri magonjwa niliyoyajua kwa watu wengine ambao hawakuyajua vizuri.

Siku moja, saa nne asubuhi, mama mmoja wa kwetu alileta mtoto wa miaka mitatu mwenye malaria kali. Daktari alikuwa ameenda mjini Mbarara mkutanoni. Aliyebaki ni msaidizi, kijana aliyemaliza Sinia Fo, ndivyo wenyeji wanavyoita kidato cha nne, kisha akapewa mafunzo ya miezi michache. Mimi nilikuwa napiga deki chini ya kitanda. Nikamwona anavunja ampuli ya kwinini, anaivuta yote, anaitia kwenye chupa ya dripu. Halafu akafungua kile kigurudumu cha kubania mpira mpaka mwisho, maji yakawa yanashuka kama mvua kwenye mfereji.

Nikasimama. Nikamwita kama wenyeji wanavyomwita mganga: "Musawo, mtoto ana kilo ngapi?"

"Wewe kwa nini nauliza?"

"Ana kilo kumi na mbili, nimeona kwenye mizani. Ampuli hiyo ina miligramu mia sita. Mtoto huyu, hata ukimpa dozi kubwa ya kuanzia, hafiki mia mbili na hamsini. Na inatakiwa iende kwa muda wa saa nne, si dakika kumi."

Akanitazama toka miguuni mpaka kwenye kilemba. "Nyabo," akasema, yaani mama kwa lugha yao, "kazi yako iko maji na sabuni. Hii iko kazi ya watu ya kusoma."

Mama wa mtoto akanishika nguo. "Maman, anasema nini? Mutoto wangu iko anakufa?"

Nikaacha dekio likaanguka. Nikafunga kile kigurudumu, nikauchomoa mpira kwenye sindano. Kijana alipiga kelele mpaka watu wa foleni wakaja mlangoni. Mtoto alikuwa ameshalegea, jasho linamtoka, maana kwinini nyingi hushusha sukari ya mwili. Nikaomba sukari kwa muuza chai aliye nje, nikawa nampaka chini ya ulimi kidogo kidogo, nikimwita jina lake. Baada ya muda mrefu akalia. Sijawahi kusikia wimbo mtamu kama kilio kile.

Daktari alirudi mchana, akaitazama chupa, kisha ampuli tupu. Kesho yake mimi ndiye niliyefukuzwa. Sababu iliyoandikwa: kugusa vifaa bila ruhusa. Kijana akabaki. Na daktari aliniita pembeni, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama Sifa, ungekuwa na karatasi ningekutetea."

Karatasi! Mtoto yuko hai, ananyonya muwa pale nje, na mtu mzima aliyesoma ananiambia habari ya karatasi.

Basi nilikwenda Mbarara kutafuta karatasi. Nilifika kwenye shule moja ya wauguzi, nikavaa kitenge changu cha kanisani, nikamweleza karani wa usajili kila kitu. Akaniambia, lete cheti cha Sinia Fo chenye Kiingereza, hesabu, biolojia, kemia na fizikia.

"Nina diploma ya uuguzi."

"Iko wapi?"

"Iliungua."

"Basi hakuna."

"Niletee mgonjwa," nikamwambia. "Mmoja tu, yeyote, hapa mbele yako. Kama nikikosea nifukuze."

Alicheka, akawaita wenzake waje wamsikie mama wa Nakivale anayeagiza mgonjwa kama anavyoagiza soda.

Niliporudi nyumbani nikamwambia Baba Sifa kwamba narudi shule. Mume wangu alikuwa mfanyabiashara mdogo wa maharage, mtu wa maneno machache. Akakuna kichwa. "Mama Sifa, wee utakaa na batoto ba shule? Batakucheka sana."

"Bacheke. Bakikua nitabazalisha."

Toka siku hiyo alijifunza kupika. Bukari yake, yaani ugali, ilikuwa na mabonge kama mawe ya Rubondo pale kambini, na watoto wangu waliila mwaka mzima bila kunung'unika.

Sasa nifike kwenye yale mnayonisumbulia kila siku: nilipangaje masomo? Jumatatu mpaka Jumatano nilikuwa shambani. Alhamisi nilipanda lori la mahindi kwenda Mbarara, nikalala Ruti, kitongoji cha mji huo, kwa dada mmoja wa kanisa letu. Ijumaa na Jumamosi nikasoma kwenye darasa la ziada pamoja na watoto wa shule. Jumapili nikasali, nikarudi. Kitabu sikuwa nacho kila siku, kwa hiyo niliandika kanuni kwa mkaa kwenye madumu ya maji. Dumu moja kemia, moja fizikia, moja hesabu. Foleni ya bomba ilikuwa ndefu, nami nilisimama nikisoma madumu yangu mpaka majirani wakayaita madumu ya kizungu. Na siku ya kemia ilikuwa ya kemia tu. Anayesoma sayansi tatu kwa siku moja ni kama mtu aliyealikwa harusi tatu: anafika kila mahali, na hakuna anaposhiba.

Jirani wa yule dada wa Ruti alikuwa Mzee Kamukama, mwalimu mstaafu wa kemia. Kiswahili alikijifunza jeshini, alipokuwa analinda ghala kabla hajawa mwalimu. Siku ya kwanza nilimwendea na hasira yangu yote. Nikamwambia mimi nimefanya uuguzi miaka kumi na miwili bila kemia yao, nataka tu anifundishe kupita mtihani.

Akaniuliza, "Huko yote kwa kazi, wewe hapana kosa hata siku moja?"

Kulikuwa na siku moja pale zahanati ya kanisa kwetu, nilipotaka choo cha wagonjwa king'ae. Nilichukua dawa ya klorini, nikaichanganya kwenye ndoo na asidi ya kusafishia choo, nikidhani mbili kali zitafanya kazi kuliko moja. Moshi wa kijani-njano ukapanda. Nilikohoa mpaka nikaanguka mlangoni, na mama mjamzito aliyekuwa kitanda cha jirani alibebwa nje kwa mgongo. Sikumwambia mtu yeyote sababu. Nilisema ni dawa mbovu.

Nilimweleza Mzee Kamukama. Hakunicheka. Akachukua kijiti akaandika kwenye vumbi, herufi na namba, akanionyesha klorini ilivyotoka ndani ya ndoo yangu. "Hii si maneno ya mtihani," akasema. "Hii ni pua yako."

Nawaambia ukweli, wanangu, nilikasirika upya. Nilijikasirikia mimi kwanza, miaka kumi na miwili nakoroga nisichokijua. Halafu nikawakasirikia wote walioweka zile chupa mbili mikononi mwangu bila kuniambia neno. Ndiyo maana siwaruhusu kuniambia kwamba kemia ni ya kupita tu. Sharti lao lilikuwa la uonevu. Somo lenyewe halikuwa na kosa. Mjue kutenganisha hivyo viwili, maana mimi ilinichukua muda kuvitenganisha.

Lugha nayo ilinitesa. Nilikuwa nimesoma kwa Kifaransa. Neno la Kiingereza la ini, liver, macho yangu yalilisoma livre, yaani kitabu. Kwenye jaribio la biolojia niliandika kurasa mbili nikieleza jinsi kitabu kinavyotengeneza nyongo. Mwalimu wa kike aliyekuwa akitusahihishia alinirudishia karatasi akiwa amelowa machozi ya kicheko. Lakini nikagundua kitu: alama ya Na ni sodiamu kwetu Bukavu, ni sodiamu Mbarara. Alama zile hazina uraia. Nikaanza na alama, maneno yakafuata nyuma.

Mzee Kamukama hakuwa na maabara. Alikuwa na ndimu, majivu, na kichaka cha maua mekundu. Tulichemsha petali, tukapata maji yanayogeuka rangi: kwenye ndimu yanakuwa mekundu, kwenye maji ya majivu yanakuwa kijani. Alipotaka kunifundisha kupima asidi kwa matone, alisikitika kwamba hana bureti, ule mrija mrefu wa kioo wenye bomba chini. Nikamwambia, "Mwalimu, nipe siku tatu." Niliporudi nilileta mpira wa dripu, mpya, uliokwisha muda wake, nilioomba kwa rafiki. Nikautundika msumarini na chupa ya maji ya ndimu, nikashika kigurudumu, nikaachia tone moja, moja, moja.

Mzee alikaa chini kwenye jiwe akitazama vidole vyangu. "Mama Sifa," akasema, "mimi nafundisha hii kitu miaka thelathini. Hapana ona mutu anashika tone namna hii."

Kupata mahali pa kufanyia mtihani ilikuwa vita vingine. Shule ya kwanza ya Mbarara ilisema watahiniwa wa nje hawaruhusiwi maabara. Ya pili ikasema mama wa umri wangu atawaharibia watoto utulivu. Utulivu! Ya tatu ikakubali, na siku ya mtihani wa kemia wa vitendo nikawekwa meza ya mwisho, karibu na mlango. Nikajaza bureti yangu. Nikaona inavuja chini, tone baada ya tone, hata ikiwa imefungwa. Kipimo chochote ambacho ningeandika kingekuwa uongo.

Nikamwita mhudumu wa maabara. "Chombo hiki kinavuja."

"Nyabo, wewe ni mtu mzima. Vumilia kidogo."

"Kwa hiyo mtu mzima ndiye wa kupewa kibovu?"

"Hakuna kingine."

"Basi andika kwenye karatasi yangu kwamba nimepewa chombo kinachovuja, utie sahihi."

Akaondoka. Nikakunja mikono nikakaa. Watoto wote walikuwa wanamimina na kuandika, wengine wananitazama kwa jicho la pembeni. Saa ya ukutani ilikuwa inakwenda. Nilijua naweza kukosa kila kitu kwa ajili ya bomba moja la kioo, na bado sikuligusa. Baada ya nusu saa akapita msimamizi kutoka nje, mwanamke mfupi mwenye viatu vya kiume. Akaniuliza kwa nini siandiki. Nikamwonyesha kidimbwi mezani. Akaenda kwenye kabati la nyuma, akalifungua mwenyewe, na ndani kulikuwa na bureti sita. Sita, wanangu, safi, zimelala kwenye pamba.

Nilibakiwa na muda mdogo. Mikono ikafanya kazi iliyozoea. Vipimo vitatu, vyote vikakubaliana.

Biolojia na kemia nilipata vizuri. Fizikia nikafeli. Waliuliza kengele ya umeme, wakati kijiji chetu hakikuwa na waya hata mmoja. Nililia siku nzima, halafu nikajiandikisha tena. Mzee Kamukama akanunua betri za tochi, akafumua waya wa redio yake iliyokufa, tukatengeneza kengele iliyowaudhi majirani wote wa Ruti. Na alinionyesha kwamba fizikia nilikuwa naijua mwilini. "Kwa nini wewe naweka chupa ya dripu juu?" akaniuliza. Nikajibu ili maji yashuke. "Na ukiweka chini?" Nikamwambia damu itarudi kwenye mpira. "Basi wewe najua mgandamizo wa maji. Andika." Mwaka wa pili nikapita, si kwa kishindo, nikapita.

Nikaingia shule ya uuguzi, ileile ya karani aliyecheka. Siku ya kwanza mkufunzi, binti mdogo, alitufundisha kunawa mikono. Nikanawa. Nikatandika vitanda pamoja na mabinti wa miaka kumi na minane, nikafundishwa kuogesha mgonjwa. Nilipomaliza nilirudi Nakivale, kwenye kituo cha afya, nikiwa na cheti, gauni jeupe, na mshahara wa mtu aliyeanza kazi jana.

Watu wa kanisa wananiambia, "Mama, Mungu alikuwa na mpango." Mimi namwamini Mungu sana, ndiyo maana siwezi kumsingizia mambo ya ofisi. Miaka saba ilipotea kwa jambo ambalo lingejulikana asubuhi moja, kwa kuniletea mgonjwa.

Na msidhani mateso yalinifanya malaika. Miaka michache kabla sijastaafu, nilikuwa zamu peke yangu, wagonjwa wengi, na mwanamke aliyekuwa anafagia, jina lake Mapendo, akaniambia kutoka mlangoni kwamba mama wa kitanda cha nne amevimba mkono, dripu imetoka nje ya mshipa. Nikamjibu bila kugeuka, "Fagia, mama." Nikasikia sauti yangu mwenyewe. Nilisimama pale kama niliyepigwa kofi. Nikaenda kitanda cha nne, mkono ulikuwa umevimba kama ndizi. Nilipomaliza nikamwuliza Mapendo alijuaje. Akanijibu akitazama sakafu: alikuwa muuguzi Uvira miaka tisa. Akaniambia wako wauguzi watatu hapo uani, pamoja naye, mmoja anachota maji, mmoja anachoma taka. Niliwapita kila siku.

Mwaka 2015 nilistaafu. Walinifanyia karamu fupi, soda na biskuti, na ofisa mkuu wa kituo akatoa hotuba kuhusu uvumilivu wangu. Nilipopewa nafasi nikasema, "Ofisa, asante. Lakini mimi sikuvumilia. Nilisoma nikiwa nimekasirika. Kama unataka kunipa zawadi, Jumatatu wapime hawa watatu mbele ya wagonjwa, uone wanachojua." Watu wakapiga makofi. Yeye akatabasamu, akasema, "Tutaangalia."

Wawili kati ya watatu hao mnawajua, ndio wanaowachanja wadogo zenu siku hizi. Wa tatu, Mapendo, yuko hapa kwangu kila Alhamisi pamoja nanyi, anarudia kemia, na msimcheke. Lakini hakuna hata mmoja angepimwa kwa "tutaangalia". Jumatatu saa mbili asubuhi nilikuwa kwenye benchi nje ya ofisi ya yule ofisa mkuu. Akapita, akanisalimu, akaingia. Jumanne nilikuwa hapo. Jumatano nilileta uzi wangu wa kufuma. Alhamisi akasimama mlangoni na funguo mkononi, akaitazama saa yake, akanitazama mimi.

"Nyabo," akasema, "si umestaafu?"

"Ndiyo, Ofisa," nikamwambia. "Sasa nina wakati."